AWD au tairi za theluji? Pesa ianzie kwenye mpira

Matangazo ya magari hupenda sana kuonyesha gari la AWD, yaani linalovuta kwa magurudumu yote manne, likipanda mlima uliofunikwa na theluji. Likishuka hayaonyeshi. Na huko kwenye kushuka ndiko kwenye kazi: kusimama kabla ya makutano, kukata kona bila kuishia mtaroni, kumkwepa aliyekwama mbele yako. Hapo propela na difu ya nyuma, vyuma vinavyopeleka nguvu ya injini nyuma, havisaidii kitu, maana kila gari, liwe la kuvuta mbele, nyuma au kote, hufunga breki kwenye magurudumu yake yote manne. Kinachoshikana na barabara ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja upana wa kiganja hivi.

Kwa hiyo hukumu tunaitoa mapema: mwenye pesa ya kitu kimoja anunue seti nzima ya tairi za theluji, hata kama gari lake ni dogo la kuvuta mbele. AWD ni nyongeza nzuri juu ya tairi hizo, na kuna mahali ni ya lazima, lakini haichukui nafasi yake.

Tupige hesabu kidogo. Mshiko wa tairi na barabara huelezwa kwa namba. Kwenye lami kavu huwa 0.8 na kuendelea. Kwenye barafu yenye utando wa maji hushuka hadi 0.1 au chini yake. Kwa theluji iliyoshindiliwa na magari, tuchukulie tairi nzuri ya theluji inapata 0.3 na ya kiangazi 0.15. Namba halisi hubadilika kulingana na baridi na aina ya theluji, ila tofauti ya kiasi hicho si ya kutia chumvi. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari la 0.3 litasimama ndani ya mita 33 hivi. La 0.15 litakwenda mita 66. Kwenye kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 50, la kwanza linapita kwa kilomita 43 kwa saa, la pili likifika 31 tu linaanza kutoka nje ya njia. Kwenye hesabu zote hizi hakuna mahali pa kuandika AWD.

Linalowashangaza wengi ni kwamba hata kwenye kuondoka na kupanda, tairi inaweza kuishinda AWD. Gari la kuvuta mbele hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwenye magurudumu ya mbele. Zidisha kwa 0.3, unapata 0.18; punguza kidogo kwa sababu likipanda uzito huhamia nyuma, inabaki 0.17 hivi. Gari la AWD lenye tairi za kiangazi linatumia uzito wake wote, lakini kwa 0.15. Maana yake, mlima wa mwinuko wa asilimia 16 utapandwa na kigari cha kuvuta mbele chenye tairi sahihi, na lile kubwa la AWD litabaki chini likizungusha magurudumu yote manne. Ukilivisha hilo hilo tairi za theluji, linapata 0.3 nzima, na hapo hakuna wa kushindana nalo.

Ubaya mkubwa wa AWD bila tairi ni kwamba inaficha utelezi. Gari la kuvuta mbele lenye tairi mbovu hukuonya ukiwa bado kwenye maegesho: magurudumu yanazunguka bure, taa ya utelezi inapepesa kwenye dashibodi, gari haliondoki. La AWD linaondoka taratibu bila kelele, dereva anaona barabara ni nzuri, anaongeza mwendo. Habari za barafu anazipata kwenye kona ya kwanza, akiwa kwenye kilomita 60.

AWD si kitu kimoja

Anayenunua gari kwa ajili ya baridi ajue anauziwa mfumo gani, kwa sababu kibandiko cha nyuma hakisemi.

Kuna 4x4 ya kuchomeka, kama ya Suzuki Jimny na Toyota Hilux nyingi, yenye 2H (magurudumu mawili), 4H (manne) na 4L (manne kwa gia nzito). Ukiwa kwenye 4H, shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na kuzunguka sawa. Lakini kwenye kona magurudumu ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye theluji tofauti hiyo inamalizwa na utelezi mdogo. Kwenye lami kavu haina pa kwenda, kwa hiyo mitambo inajibana, usukani unakuwa mzito, tairi zinalia, na ukizoea hivyo ipo siku kitu kitakatika kwenye transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma. Barabara za msimu wa baridi mara nyingi huwa na viraka: mita mia kavu, mita hamsini barafu, tena kavu. Mfumo huu unakulazimisha kuingiza na kutoa kila mara, na kwenye kona ya barafu ukiwa umefunga 4H, gari hupenda kwenda moja kwa moja badala ya kufuata usukani. Ni mfumo mzuri kwa shamba na theluji nene. Kwa safari za kila siku kwenye barabara iliyokwanguliwa theluji, unachosha.

Kuna wa kudumu wenye difu ya katikati, inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, kama wa Land Cruiser Prado. Huo huhitaji kuguswa mara chache na haujibani kwenye lami. Bei yake unailipa kwa uzito na mafuta.

Na kuna ule ulioenea zaidi kwenye magari madogo na ya kati: gari linavuta mbele muda mwingi, na klachi ya sahani zilizozama kwenye oili hupeleka nguvu nyuma magurudumu ya mbele yakianza kuteleza, au kitambo kidogo kabla kompyuta ikihisi yatateleza. Haldex ndilo jina linalojulikana zaidi hapa. Mfumo huu unatosha kwa watu wengi, lakini una udhaifu wa aina mbili. Kwanza, ukilazimisha gari kwa dakika kadhaa kwenye theluji nene, klachi inapata moto, mfumo unajizima ili usiungue, na gari linabaki la kuvuta mbele mpaka klachi ipoe. Pili, oili yake inasahaulika. Unga unaotoka kwenye sahani za klachi huziba kichujio cha pampu, shinikizo linapungua, na magurudumu ya nyuma hayapati tena nguvu, wakati mwingine bila taa yoyote kuwaka. Anayenunua gari la namna hii lililotumika adai kumbukumbu za kubadilisha oili hiyo. Muda wake umeandikwa kwenye kitabu cha gari, na si oili ya difu wala ya giaboksi. Kipimo chepesi: simamisha magurudumu ya mbele kwenye theluji au changarawe laini, ya nyuma yakiwa kwenye lami, kisha kanyaga mafuta polepole. Ya mbele yakizunguka bure na gari lisisukumwe kutoka nyuma, unaendesha gari la kuvuta mbele lililobeba vyuma vya ziada.

Tairi yenyewe inafanya nini

Mpira wa tairi ya kiangazi hukakamaa baridi inapoongezeka. Watengenezaji wengi hutaja nyuzijoto 7 kama mpaka wa kubadilisha. Hiyo ni alama ya kukumbukia tu. Hakuna kinachovunjika ghafla kwenye 6. Mchanganyiko wa tairi ya theluji umetengenezwa ubaki laini hata chini sana ya sifuri, ili uingie kwenye vishimo vidogo vya barabara.

Ukiitazama kwa karibu, kila jino lina mikato mingi myembamba ya mawimbi, mtu anaweza kudhani imechanjwa kwa wembe. Gurudumu likikanyaga, mikato inafunguka na kingo zake zinakwangua theluji. Kwenye barafu hunyonya utando mwembamba wa maji unaosababisha utelezi. Ndiyo maana barafu iliyo karibu na sifuri, yenye majimaji, ni hatari kuliko ya nyuzijoto 20 chini ya sifuri. Mifereji mipana kati ya meno nayo hujaa theluji kwa makusudi, kwa kuwa theluji hushikana na theluji vizuri kuliko inavyoshikana na mpira.

Haya yote yanategemea kina. Tairi mpya ya theluji huwa na meno ya milimita 8 au 9. Ikifika 4 bado inaonekana nzima, na katika nchi za Umoja wa Ulaya kikomo cha jumla cha sheria ni 1.6, lakini kwa theluji imekwisha kazi: mifereji haibebi tena theluji ya kutosha na mikato imebaki michache. Austria haiihesabu kuwa ya baridi ikiwa chini ya 4. Nokian huchora alama ya chembe ya theluji kwenye uso wa tairi zake, na alama ikifutika ujue umeshafika hapo. Kuna jambo jingine la kuangalia: kwenye matoleo kadhaa ya zamani ya Bridgestone Blizzak, ule mpira wenye vitundu vidogo ulijaza sehemu ya juu ya jino tu, chini yake ulikuwa mpira wa kawaida. Blizzak iliyotumika ikiwa imebaki nusu ni ya bei nafuu kwa sababu hiyo.

Alama ya kutafuta ubavuni ni mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Tairi haiipati bila kupimwa kwenye theluji na kuishinda tairi ya rejea, yaani ya kulinganishia. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake zinaeleza umbo la meno, na mtengenezaji anaweza kuziandika bila kipimo chochote. Ujerumani tangu tarehe 1 Oktoba 2024 haikubali M+S peke yake kama tairi ya baridi. Ila hata alama ya mlima inapima theluji, haipimi barafu. Kwa barafu, tazama lebo ya Ulaya: tangu Mei 2021 ina alama ya pekee ya mshiko wa barafu, na tairi nyingi zenye mlima hazina hiyo.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea, kwa sababu tairi za theluji zenyewe zina koo mbili. Za kaskazini, kama Nokian Hakkapeliitta R5, Michelin X-Ice Snow na Blizzak, ni laini sana, za barafu na baridi kali. Kwenye lami yenye maji na nyuzijoto 8 zinayumba na hukawia kusimama. Za Ulaya ya kati, kama Michelin Alpin na Continental WinterContact, zimeundwa kwa mvua ya baridi, theluji iliyoyeyuka nusu na mwendo wa barabara kuu. Kwenye barafu tupu zinaachwa nyuma. Anayeishi mahali ambapo barabara hubaki nyeupe miezi mitatu achukue za kwanza. Anayeona theluji asubuhi na maji mchana achukue za pili. Jina kubwa ubavuni halirekebishi ukoo usiofaa.

Tairi za misumari, zenye vijiti vya chuma usoni, hazina mpinzani kwenye barafu yenye maji. Zina kelele, zinakwangua lami, na kwenye lami kavu zinasimama vibaya kuliko zisizo na misumari. Ujerumani imezikataza kwa jumla. Zikiwa mpya, ziendeshe kilomita 500 za kwanza bila kukanyaga mafuta wala breki kwa nguvu, la sivyo misumari italegea na kuruka. Za misimu yote zenye alama ya mlima, kama Michelin CrossClimate, zinamfaa anayeona theluji siku chache kwa mwaka na anayeweza kuliacha gari nyumbani siku ile mbaya zaidi. Si mbaya. Ni za kati kwa kila kitu.

Kufunga, na yanayoharibika hapo

Zifungwe nne. Fundi atakayekushauri mbili za mbele kwa gari la kuvuta mbele anakuuzia ajali: mbele itashika, na ukiachia mafuta kwenye kona nyuma itachomoka na kugeuza gari. Mbili za nyuma kwenye gari la kuvuta nyuma ni kinyume chake, linaondoka vizuri lakini halikati kona wala halisimami. Kwa AWD kuna sababu ya pili ya kufunga nne zinazofanana, maana watengenezaji kadhaa hawaruhusu tofauti ya zaidi ya milimita 2 au 3 za meno. Tairi iliyoisha ni ndogo kwa mzingo, inazunguka haraka kuliko wenzake, na klachi au difu ya katikati hufanya kazi bila kupumzika mpaka iungue. Pancha moja isiyozibika kwenye seti iliyochakaa inaweza kukulazimisha kununua nne.

Kama kitabu cha gari kinaruhusu, shuka saizi moja ya rimu. Gari lenye tairi za 225/45R17 mara nyingi hukubali 205/55R16, ambayo kimo chake ni kilekile kwa tofauti ya milimita 2 au 3. Tairi nyembamba hukata theluji laini na kufikia chini, na ubavu mrefu huokoa rimu na mashimo yaliyofichwa na theluji. Hakikisha kwanza rimu ndogo haigusi kalipa za breki, na namba ya uzito ubavuni isiwe chini ya iliyotajwa kwenye kitabu.

Soma tarehe ya kutengenezwa: 3823 ni wiki ya 38 ya mwaka 2023. Mpira hukakamaa hata stoo, na tairi ya theluji iliyozidi miaka sita imepoteza kile ulichokuwa unakinunua. Mshale wa mzunguko uelekee mbele. Kabla ya kupachika, kwangua kutu kwenye habu kwa brashi ya waya. Kutu ikisagika baadaye, nati hulegea zenyewe. Rimu za chuma na za alumini mara nyingine hutumia nati tofauti, moja ina kikalio cha umbo la koni na nyingine cha mviringo, na kuzichanganya ni hatari. Kaza kwa mkato wa nyota kwa spana ya kipimo. Magari madogo mengi hukazwa kati ya Nm 100 na 120, lakini namba ya kwenye kitabu ndiyo ya kufuata. Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100.

Upepo hupungua karibu PSI 1.5 kwa kila nyuzijoto 10 zinazoshuka. Tairi iliyojazwa gereji kwenye nyuzijoto 20 itakuwa imepungua PSI 5 hivi nje kwenye 10 chini ya sifuri. Pima asubuhi kabla ya kuondoka. Kuipunguza upepo ili ishike zaidi ni mbinu ya mchanga. Kwenye barabara ya theluji inachemsha ubavu na kuharibu usukani.

Gharama

Tairi za theluji zikifungwa miezi mitano, za kiangazi zinapumzika miezi hiyo mitano. Seti mbili hudumu karibu mara mbili ya moja, na gharama ya ziada ya kweli ni rimu, kufungisha na mahali pa kuhifadhi. AWD unailipia kila kilomita, mvua na jua: kwa kawaida kilo 50 hadi 100 za ziada, mafuta zaidi, oili za difu, shafti na bearing zaidi za kuchoka. Sheria nazo hutazama tairi. Quebec, jimbo la Kanada, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, hudai tairi za baridi kwa magari ya huko, na gari kuwa la AWD hakukusamehe.

Mahali AWD inapostahili pesa yake ni pale penye mwinuko mkali mlangoni, barabara isiyokwanguliwa mpaka mchana, trela nyuma ya gari, au theluji mbichi ya sentimita 15 na zaidi. Hata hapo, theluji ikilifikia tumbo la gari, gari linaelea na magurudumu yananing'inia. Kinachohitajika ni koleo. Minyororo ibaki kwenye buti kwa siku hizo, na ikifungwa usizidi kilomita 50 kwa saa. Wenye magari ya umeme ya kuvuta nyuma wapunguze ile breki ya kurudisha chaji, kwa sababu kuachia mafuta ghafla kwenye barafu kunafunga nyuma kama umevuta breki ya mkono.

Kwa wasio na theluji kabisa: magari yaliyotumika kutoka Japani mara nyingi hufika na tairi zilizoandikwa STUDLESS (zisizo na misumari) ubavuni. Ni tairi hizi hizi za baridi. Kwenye lami ya moto huisha haraka, huyumba kwenye kona, na wakati wa mvua husimama mbali. Kwenye matope pia hazifai, mikato yake hujaa udongo na haijisafishi. Zitoe.

Kwa gari lolote, AWD au la, asubuhi ya theluji usipime barabara kwa kukanyaga mafuta. Subiri pawe patupu mbele na nyuma, uwe kwenye kilomita 20 kwa saa kwenye njia iliyonyooka, kisha kanyaga breki kwa nguvu mpaka ABS, mfumo unaozuia magurudumu kufunga, itetemeshe kanyagio. Ikitetemeka mara tu mguu unapogusa, mshiko ni mdogo sana. Acha nafasi ya sekunde 8 hadi 10 na gari la mbele. Rudia ukibadilisha barabara, na ukikaribia daraja, kwa kuwa baridi hulipiga kutoka juu na chini na huganda kabla ya barabara yenyewe.